Mji Tumetoa, Jibu Hatujapewa

Angalizo kabla ya yote: makala haya yanafichua miisho ya tamthilia za 1899, Twin Peaks na FlashForward. Kama hujazitazama na bado una nia, zitazame kwanza.

Msimu wa kwanza wa 1899 unaisha hivi. Maura Franklin, mwanamke msomi wa tiba ambaye tumemfuata kwa saa saba ndani ya meli ya Kerberos ikivuka Atlantiki kuelekea New York, anafumbua macho na kujikuta hayupo baharini. Yumo ndani ya chombo cha angani. Abiria wenzake wamelala karibu naye, wameunganishwa na mashine. Kioo cha kompyuta kinaonyesha tarehe 19 Oktoba 2099, abiria 1,423, wahudumu 550, na jina Prometheus, lilelile la meli iliyopotea miezi minne kabla hadithi haijaanza. Kisha unaingia ujumbe kutoka kwa Ciaran, ndugu yake ambaye amekuwa akimtafuta msimu mzima, unaomkaribisha katika uhalisia. Giza. Majina yanapita.

Netflix iliitoa tarehe 17 Novemba 2022. Tarehe 2 Januari 2023, siku 46 baadaye, ilitangazwa kwamba hakuna msimu wa pili. Waundaji wake, Baran bo Odar na Jantje Friese, walikuwa wameipanga kwa misimu mitatu. Tulichobaki nacho ni theluthi moja ya hadithi, na theluthi yenyewe ni ile ya kuuliza maswali.

Wanaoshangaa kwa nini watu wazima wakasirikie tamthilia hawajatazama fumbo linavyofanya kazi. Kila aliyekulia kwenye Kiswahili anaijua kanuni ya kitendawili. Mtegaji anatega, wasikilizaji wanahangaika, wakishindwa anadai mji. Wanampa Mombasa, wanampa Kigoma. Anaupokea, anasimulia kidogo alivyokwenda huko na makaribisho aliyoyapata, halafu anatoa jibu. Hana ruhusa ya kuchukua mji akaondoka zake. Mtazamaji wa tamthilia ya fumbo ameshautoa mji: usingizi wake, bando lake, na imani kwamba kila kioja alichoonyeshwa kina sababu. Kuanzia hapo jibu ni haki yake.

Ndiyo maana kukatwa kwa fumbo si sawa na kukatwa kwa tamthilia nyingine. Hadithi ya mpelelezi anayefungua kesi mpya kila wiki ikikatwa msimu wa tatu, kesi zote zilizopita zimeshafungwa. Unachopoteza ni zile ambazo zingekuja. Tamthilia ya familia au mapenzi ikikatwa unahuzunika, lakini ugomvi na mapatano uliyoyaona yanabaki na maana yake. Fumbo likikatwa, hasara inarudi nyuma hadi sehemu ya kwanza. Katika 1899 abiria wanazungumza Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kipolandi, Kidenmaki na Kikantoni, na wengi wao hawaelewani. Alama ya pembetatu imetiwa kila mahali. Kapteni Eyk Larsen anasumbuliwa na kumbukumbu ya nyumba iliyoungua na familia yake ndani. Je, kumbukumbu ile ni yake au amepandikiziwa? Lugha zile zina kazi gani kwenye mpango wa Ciaran? Kabla ya tangazo la Januari hayo yalikuwa maswali mazuri. Baada ya tangazo yamekuwa mapambo tu. Picha ni zilezile, waigizaji ni walewale, lakini kazi yenyewe imeharibiwa kwa nyuma.

Wala huwezi kudai kwamba waundaji hawakuwa na jibu. Bo Odar na Friese ndio waliofanya Dark, tamthilia ya Kijerumani ya misimu mitatu na sehemu 26, yenye familia nne za mji wa Winden zilizosukana katika nyakati mbalimbali hadi mtu anahitaji karatasi na kalamu kuzifuata. Kabla msimu wa pili haujatoka walishasema kwamba wa tatu ndio wa mwisho. Wa tatu ukatoka tarehe 27 Juni 2020, siku ileile ambayo ndani ya hadithi ndiyo ya maangamizi, na ukafunga karibu kila uzi. Watu waliiendea 1899 kwa sababu ya rekodi hiyo. Walimwamini mtegaji ambaye tayari alishaonyesha kwamba hutoa majibu, na hilo linaongeza uchungu.

Sasa tuingie jikoni, maana hasira bila kujua mashine inavyozunguka haimsaidii mtu.

Mwaka 2019 Netflix iliieleza kamati moja ya Bunge la Uingereza jinsi inavyowagawa watazamaji wake. Kundi la kwanza ni walioanza. La pili ni waliotazama angalau asilimia 70 ya filamu, au ya sehemu moja ya tamthilia. La tatu ni waliomaliza, yaani waliofika asilimia 90 ya filamu au ya msimu mzima. Watayarishaji, kwa maelezo ya wakati huo, walikuwa wakipewa hesabu hizo baada ya siku 7 na tena baada ya siku 28. Sasa piga hesabu kwa msimu wa sehemu 8. Asilimia 90 ya sehemu 8 ni sehemu 7.2, kwa hiyo usipoigusa ya mwisho wewe si miongoni mwa waliomaliza. Mtu mwenye kazi na watoto anayetazama sehemu mbili kwa wiki anahitaji wiki 4, ambazo ni siku 28 kamili. Akianza siku ya tano baada ya kutoka, ameshachelewa. Akiisikia kwa rafiki wiki ya pili, akaipenda kuliko wote, akaitazama taratibu huku akisimamisha picha kuchunguza alama, katika hesabu hiyo ya siku 28 anasomeka kama mtu aliyeishia njiani.

Na fumbo lililosukwa vizuri linataka kutazamwa hivyohivyo, taratibu. Mtindo unaolifaa ndio unaoliangamiza.

Takwimu za saa zinazotangazwa hadharani nazo hupotosha. Katika siku zake 4 za mwanzo 1899 ilitazamwa kwa zaidi ya saa milioni 79. Watu waliposikia imekatwa waliuliza: na zile saa zote? Gawa milioni 79 kwa saa 7 na kidogo za msimu mzima, unapata kama milioni 11. Hiyo ni idadi ya misimu kamili ambayo ingetoka kwenye saa hizo kama zingepangwa sawasawa. Lakini hazikupangwa sawasawa. Kuna aliyemaliza, kuna aliyetazama sehemu mbili akalala, na wote wamo kwenye jumla hiyohiyo. Ted Sarandos, mmoja wa wakuu wa Netflix, aliliambia shirika la habari la Bloomberg Januari hiyohiyo kwamba hawajawahi kufuta tamthilia iliyofanikiwa. Tatizo, alisema, ni kazi zinazozungumza na hadhira ndogo sana kwa bajeti kubwa sana. Kama mfanyabiashara anaeleweka. Kinachokosekana katika maelezo yake ni upande wa mtu aliyekwisha kutoa mji.

Kuna duara baya zaidi hapa. Watazamaji wamejifunza. Wengi sasa hawagusi tamthilia ya fumbo mpaka wahakikishe imekamilika, kwa sababu wameumwa na 1899, na kabla yake na The OA, iliyopangwa kwa awamu tano ikafutwa Agosti 2019 baada ya mbili. Kusubiri huko kunapunguza idadi ya waliomaliza ndani ya siku 28. Idadi ikipungua, tamthilia inakatwa. Ikikatwa, waliosubiri wanajiona walikuwa na akili, na safari ijayo wanaongezeka. Jukwaa linaloua mafumbo kwa takwimu linazalisha lenyewe takwimu za kuulia fumbo linalofuata.

Halafu wapo wasiohesabiwa popote. Kuanzia Kariakoo hadi River Road, watu wamezoea kurushiwa sizoni kwenye flashi dukani, au kupitishiana kwenye simu. Hata wangetazama msimu mzima mara tatu, kwenye meza ya uamuzi hawapo. Sisemi hili kumlaumu mtu. Bei ya bando na ya malipo ya mwezi inajulikana. Ila ukweli ubaki wazi kwamba mapenzi ya aina hiyo hayamwokoi mtunzi.

Upande wa fedha, tamthilia inazidi kuwa ghali kadiri inavyoishi. Mikataba ya waigizaji kwa kawaida ina nyongeza kila msimu. Waandishi na watayarishaji wakuu vivyo hivyo, na majukwaa ya mtandaoni mara nyingi hulipa gharama yote pamoja na asilimia ya faida mapema, kisha bonasi zinazokua misimu inavyoongezeka. Hadhira ya fumbo inakwenda kinyume. Hakuna anayeanzia msimu wa tatu, kwa hiyo kila msimu unaanza na waliobaki kutoka uliopita. Gharama inapanda, watu wanapungua, na mistari hiyo miwili ikikutana hakuna anayeuliza hadithi imefikia wapi.

Zamani vituo vya televisheni vya Marekani vilikuwa na sababu moja ya kuvumilia. Tamthilia ikifikisha kama sehemu 100 iliweza kuuzwa kwa vituo vingine irudiwe kila siku, na huko ndiko kwenye faida. Fringe iliponea hapo. Mwaka 2012, watazamaji wakiwa wamepungua sana, Fox iliipa msimu wa tano wa sehemu 13, ambao uliifikisha sehemu 100 barabara na kuwapa waandishi nafasi ya kufunga wakijua wanafunga. Kwenye jukwaa linalojitengenezea na kujionyeshea, soko hilo la marudio halina nguvu ileile. Msimu wa nne hauongezi thamani ya mitatu ya mwanzo kwa namna inayoonekana kwenye vitabu vya hesabu.

Isidhaniwe kwamba zama za vituo zilikuwa pepo. Vilikuwa na njia zao mbili za kuvunja fumbo.

Ya kwanza ni kulazimisha jibu litoke mapema. Twin Peaks ya David Lynch na Mark Frost ilianza ABC tarehe 8 Aprili 1990 kwa swali moja: nani alimuua Laura Palmer? Kituo kilishinikiza, na muuaji akafichuliwa Novemba mwaka uleule, katika sehemu ya saba ya msimu wa pili. Tamthilia ikabaki imesimama bila mhimili, ikiwa imehamishiwa usiku wa Jumamosi ambao vijana hawakai nyumbani, na tarehe 10 Juni 1991 ikafika mwisho: Ajenti Cooper, mpelelezi wa kesi hiyo, anagonga kichwa kwenye kioo cha bafuni, usoni mwa kioo anatazama yule pepo muuaji, naye anacheka. Hapo watu waliachwa kwenye mataa hadi Mei 2017, Showtime ilipowapa Lynch na Frost sehemu 18. Anayetaka kuitazama leo afuate mpangilio huu: sehemu 30 za 1990 na 1991, kisha filamu ya 1992, Fire Walk with Me, kisha zile 18. Akiiruka filamu, mengi ya 2017 yatampita.

Njia ya pili ni kukatisha mfululizo kwa likizo ndefu. FlashForward ilianza ABC Septemba 2009 na wazo ambalo ni shida kulipata mara mbili: dunia nzima inazimia kwa sekunde 137, na kila mtu anaona kitakachomtokea miezi sita mbele. Sehemu kumi zikaonyeshwa, halafu Desemba ikasimamishwa, ikarudi katikati ya Machi 2010. Zaidi ya miezi mitatu. Tamthilia ya kesi za wiki inavumilia pengo kama hilo. Fumbo halivumilii, kwa sababu mtazamaji amebeba kichwani mwake nyuzi ishirini na baada ya wiki ya nne zinaanza kumtoka. Anaporudi haelewi nani anamshuku nani, anazima. Sehemu ya 22 ilionyeshwa tarehe 27 Mei 2010 ikiwa na kuzimia kwa mara ya pili na vipande vya picha za miaka ya mbele. Tamthilia yenyewe ilikuwa imeshafutwa.

Sasa la uokozi. Mashabiki hufanya kampeni kila mara, na nyingi hazifiki popote, lakini zilizofanikiwa zina mambo yanayofanana ambayo yafaa kuyajua kabla hujapoteza nguvu zako.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni swali la nani mmiliki. Tazama Manifest. Ndege namba 828 kutoka Montego Bay inatua New York na watu 191, wao wakidhani ni saa chache zimepita ilhali dunia imepitiwa na miaka mitano na nusu. NBC iliionyesha kwa misimu mitatu ikaifuta tarehe 14 Juni 2021. Ila NBC ilikuwa muonyeshaji. Iliyotengeneza ni Warner Bros. Television, yenye uhuru wa kutafuta mlango mwingine. Siku nne kabla ya kufutwa, misimu miwili ya mwanzo ilikuwa imewekwa Netflix, na ghafla ikawa juu ya orodha wiki baada ya wiki. Tarehe 28 Agosti, yaani 8/28 kwa uandishi wa Kimarekani, Netflix ikatangaza msimu wa nne wa sehemu 20. Jeff Rake, mwundaji wake, alikuwa amepanga misimu sita. Alilazimika kuibana katika minne, na mikunjo ya kubanwa inaonekana, lakini tarehe 2 Juni 2023 watu walipata jibu. 1899 haikuwa na mlango huo. Aliyeinunua, aliyeionyesha na aliyeifuta ni mmoja, na haki ziko kwake. Kabla ya kusaini ombi lolote mtandaoni, angalia majina ya kampuni mwishoni mwa sehemu. Kama mtengenezaji ni tofauti na muonyeshaji, elekeza kelele zako kwa wanunuzi wengine. Kama ni mmoja, lililobaki ni kumwomba huyohuyo afunge hadithi.

La pili ni muda. Mikataba ya waigizaji ina tarehe ambayo studio ikiipita bila kuthibitisha msimu mpya, mwigizaji yuko huru. Kwa vituo vya Marekani kwa kawaida ilikuwa mwisho wa Juni. Akishapata kazi nyingine, kumrudisha ni kupanga upya ratiba za watu wote. Seti za kuigizia zina kodi ya kuhifadhiwa, na zikishabomolewa kila ukuta unajengwa upya kwa bei mpya. Ndiyo maana kampeni inayoanza mwezi wa sita baada ya tangazo huwa inaomboleza tu. Wiki nne hadi nane za mwanzo ndizo zenye maana.

La tatu ni kuomba kitu kidogo na kamili. Sense8 ilifutwa tarehe 1 Juni 2017 baada ya misimu miwili, nyuzi zake zikining'inia katika miji minane, mmoja ukiwa Nairobi kwetu, ambako Capheus anaendesha matatu yake iitwayo Van Damn. Mashabiki walipiga kelele dunia nzima, na mwezi uleule ukatangazwa uamuzi: si msimu, bali sehemu moja ndefu ya kufungia. Ilitoka tarehe 8 Juni 2018, ikiwa na saa mbili na nusu. Ina haraka, baadhi ya wahusika wamepewa dakika badala ya sehemu nzima, na bado ni bora mara mia kuliko ukimya. Mashabiki wa The OA walidai awamu tatu zilizobaki. Walicheza hadharani ile miondoko ya tamthilia, wakachanga hadi kulipia tangazo Times Square, mmoja akagoma kula mbele ya ofisi za Netflix. Hawakupata. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ombi dogo lingepita, lakini ombi la awamu tatu za gharama ile lilikuwa zito kumshawishi mtu aliyekwisha kufunga daftari.

Karanga za Jericho zinastahili kutajwa kwa sababu zinasimuliwa nusunusu. CBS iliifuta tamthilia hiyo Mei 2007. Mashabiki wakatuma ofisini zaidi ya tani 20 za karanga, kwa ajili ya neno "nuts", yaani karanga, ambalo shujaa analitamka kwa dharau mwishoni mwa msimu. Kituo kikasalimu amri, kikaagiza sehemu 7, zikaonyeshwa Februari na Machi 2008. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba sehemu hizo hazikupata watazamaji wa kutosha, tamthilia ikafutwa tena, na kilichookoa hadithi safari hii si mashabiki. Watayarishaji walikuwa wamerekodi miisho miwili ya sehemu ya mwisho, mmoja unaoacha mlango wazi na mmoja unaofunga. Uamuzi wa kufuta ulipokuja, ukaonyeshwa unaofunga.

Hapo tumeingia kwenye karakana ya mtunzi, na hapa ndipo naamini kuna kazi kubwa ya kufanya, hata kwa wanaoandika tamthilia Dar es Salaam na Nairobi, ambako mdhamini akiondoka kituo hakimsubiri mtu.

Mfano bora ninaoujua ni Babylon 5 ya J. Michael Straczynski, hadithi moja iliyopangwa tangu mwanzo kuchukua miaka mitano. Kila mhusika mkuu alikuwa ameandaliwa mlango wa dharura: njia ya kumtoa bila kuangusha nyumba. Mlango huo ulitumika mapema, mwigizaji wa Kamanda Sinclair alipoondoka baada ya msimu wa kwanza. Msimu wa nne ulipofika ikawa haijulikani kama wa tano utakuwepo, kwa kuwa mtandao wa vituo ulioibeba ulikuwa unasambaratika. Straczynski akasogeza vita vyake vikuu viishie msimu wa nne, na akarekodi kabisa sehemu ya mwisho ya hadithi nzima. Kituo cha TNT kilipojitokeza kulipia msimu wa tano, akaichukua sehemu ile akaiweka kabatini, akarekodi nyingine ya kufungia wa nne, na ile ya kabatini ikaonyeshwa Novemba 1998 mahali pake. Gharama ya usalama wote huo ilikuwa sehemu moja. Kilichoumia ni msimu wa tano, ambao mwanzo wake umepwaya kwa kuwa nyama nyingi ilikwisha kuliwa. Ni bei halali.

Anayesuka fumbo leo ayatenganishe maswali yake kwa umri. Yapo ya sehemu moja, yanayozaliwa na kufa ndani ya dakika 50. Yapo ya msimu: nani aliizamisha meli, mtoto ni wa nani. Na lipo moja, mawili kwa wingi, la tamthilia nzima. Kosa linalozamisha wengi ni kutumia swali la tamthilia nzima kama ndoano ya kumalizia msimu wa kwanza, huku maswali ya msimu yakiachwa bila kujibiwa. 1899 ilijibu baadhi: tunajua mtoto Elliot ni nani kwa Maura na mumewe Daniel, na tunajua kwamba meli si meli. Lakini dakika zake za mwisho zilibadilisha mahali, karne na adui kwa mpigo mmoja. Kama msimu ungefunga swali la Maura na mtoto wake hadi mwisho, kisha ukafungua anga kwa picha moja tu, mtazamaji aliyenyimwa msimu wa pili angebaki na hadithi ya mama na mwanawe, nzima, yenye kovu juu. Nawaheshimu mno waundaji wale, na bado nasema pale walijiamini kupita usalama wao.

Kuna pia hatari ya upande wa pili: kurefushwa. Lost ilikuwa inateseka nayo katika msimu wake wa tatu. Waandishi hawakujua wana miaka mingapi, kwa hiyo walizungushazungusha, hadi ikaonyeshwa sehemu yenye simulizi la michoro iliyo mwilini mwa Jack, mhusika mkuu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisubiri. Damon Lindelof, mmoja wa waundaji wake, mwenyewe amekuwa akiitaja kama ushahidi kwamba walihitaji tarehe ya mwisho. Mei 2007 ABC ikakubali: sehemu 48 zaidi, mwisho 2010. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu mwisho wenyewe, na huo ni ugomvi mzuri, kwa sababu unahusu kitu kilichopo.

Kwa mtazamaji, haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kutoa mji. Je, imetangazwa kuwa ya msimu mmoja wenye mwisho? Waundaji wamesema wanahitaji misimu mingapi? Wakisema mitano kwenye jukwaa lenye mazoea ya kukata baada ya mmoja au miwili, jiandae. Waliwahi kumaliza kazi nyingine? Mtengenezaji na muonyeshaji ni mmoja? Na kama umeamua kuisaidia ikiwa bado changa, isaidie kwa namna inayohesabika: anza wiki ya kwanza, tazama kwa akaunti halali kama unayo, fika mwisho wa sehemu ya mwisho ndani ya siku 28, na kuichunguza taratibu uache kwa mzunguko wa pili. Inaudhi kutazama sanaa kwa saa mkononi, najua.

Hata hivyo mzigo huu si wa mtazamaji. Anayenunua mwanzo anapaswa kununua na mwisho siku ileile. Sense8 ilionyesha kwamba saa mbili na nusu zinatosha kufunga misimu miwili; kwa msimu wa saa saba au nane hiyo ni theluthi moja ya muda, na huhitaji kurudisha waigizaji wote. Mkataba wa tamthilia ya fumbo ungeweza kutaja fungu la sehemu moja ya kufungia, lililotengwa tangu bajeti ya msimu wa kwanza, lenye muda wa mwisho ulio ndani ya tarehe za mikataba ya waigizaji ili wasitawanyike. Kama fedha hizo haziwezekani, basi kifungu cha chini kabisa: tamthilia ikifutwa, ndani ya siku 90 haki ya kuchapisha mpango wa hadithi inarudi kwa waliouandika, wautoe kama kitabu, katuni, mchezo wa kusikiliza, au kurasa kumi tu zinazosema Ciaran alikuwa nani na ile meli ya 2099 ilikuwa inakwenda wapi.